Angalia nani ameshika grinda

Ukitaka kujua kama chuo cha ufundi kinawasaidia vijana wa Molo, Njoro na Kuresoi, hapa kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kuishi pamoja, usianze na makabila yaliyoandikwa kwenye rejista. Ingia karakana wakati wa kazi za mikono uangalie nani ameshika grinda, mashine ya kukatia na kusawazisha chuma, nani anachomelea, na nani amebaki kushikilia vyuma na kufagia. Rejista hukuambia nani amesajiliwa. Haikuambii nani anafundishwa.

Tangu machafuko ya kikabila yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mafunzo ya ufundi yamekuwa yakitajwa Nakuru kama dawa ya ukabila: mpe kijana kazi, mkalishe na mwenzake wa kabila jingine, chuki itapungua. Naamini dawa hiyo inaweza kufanya kazi. Lakini kuwachanganya vijana ni mwanzo tu, nasi tumeufanya kuwa kazi yote.

Utafiti ulio karibu zaidi na swali hili ulifanyika Kaduna, Nigeria, mji ambao Wakristo na Waislamu wamewahi kuuana. Alexandra Scacco na Shana Warren waliwapa vijana wa kiume mafunzo ya kompyuta ya wiki 16. Kwa kura, wengine waliwekwa katika madarasa ya dini moja, wengine katika madarasa ya mchanganyiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na kila anayepanga mradi wa aina hii angefaa kuyasoma. Mawazo ya vijana kuhusu dini ile nyingine hayakubadilika. Katika michezo ya kugawa pesa, hata hivyo, waliochanganywa hawakubagua sana kama waliosoma na watu wao tu. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo nzito: waliokaa na watu wao peke yao walizidi kubagua, hata kuliko vijana ambao hawakupata mafunzo kabisa.

Hilo linanihangaisha sana. Vyuo vya ufundi vya kaunti huchukua zaidi wanafunzi wa karibu, na mashambani kwetu watu wa karibu mara nyingi ni wa lugha moja. Tumezoea kudhani kwamba chuo cha namna hiyo, hata kisipoleta umoja, hakidhuru. Huenda kinadhuru.

Utafiti mwingine ni wa hapa Kenya. Jonas Hjort alichunguza kiwanda cha kufungasha maua ambako watu watatu hufanya kazi pamoja: mmoja hugawa maua, wawili huyafunga mashada. Mgawaji aliwapa maua machache wasio wa kabila lake, hata pale alipojipunguzia malipo yake mwenyewe. Baada ya machafuko, ubaguzi huo ulipanda ghafla. Kiwanda kikaanza kuwalipa wafungaji wawili kwa jumla ya mashada yao, badala ya kila mmoja kwa yake. Mgawaji hakuwa tena na njia ya kumpendelea mmoja kati yao, na mgao ukawa wa haki zaidi. Hakuna aliyehubiriwa amani.

Sasa rudi karakana. Geti dogo la skwea tyubu (bomba la chuma la pembe nne) ya inchi moja, unene wa geji 16, hufanywa na watatu: mmoja anapima na kukata, mmoja anachomelea, mmoja anapiga grinda na kupaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Mkataji ndiye mgawaji wa maua hapa. Akipiga alama zote kwa mkupuo mmoja bila kuachia unene wa jiwe la kukatia, yaani diski ya grinda, kila kipande kinatoka kifupi, milimita moja kwa jiwe jembamba, karibu tatu kwa jiwe nene. Mchomeleaji anapokea kiungo chenye mwanya. Chuma chenyewe hakifiki milimita mbili. Akijaribu kujaza mwanya kwa elektrodi, kijiti cha kuchomelea, ya milimita 2.5, moto unatoboa. Anarundika chuma juu ya tundu, kiungo kinavimba, na wa tatu anamaliza jiwe zima kukisawazisha. Mwalimu akipita, mchomeleaji ndiye anayeandikiwa alama mbaya. Kama mwenzake alikata vile kwa uzembe au kwa sababu ya jina la anayepokea, hakuna atakayethibitisha. Aliyepokea ataamua mwenyewe, na atakwenda na uamuzi huo nyumbani.

Kwa hiyo vikundi vipangwe kwa kura mbele ya darasa zima, vidumu wiki nne au tano, kisha kura ipigwe upya. Wiki moja haitoshi hata kuzoea mkono wa mwenzako. Zamu zizunguke kila kazi mpya. Geti lipewe alama moja ya wote watatu: ulalo mmoja, yaani kipimo cha kona hadi kona, ukizidi wa pili kwa zaidi ya milimita tatu, wote wamekosa. Mtihani wa mwisho ubaki wa mtu binafsi, maana cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hakitolewi kwa kikundi, na fundi hodari asipoona jasho lake likihesabiwa ataanza kujikokota. Hata kwenye maua, vikundi vya kabila moja vilipunguza kasi kidogo malipo yalipounganishwa.

Kwa watafiti wenzangu: punguzeni swali la kama mtu angekubali jirani wa kabila jingine. Jibu linajulikana mapema, hasa anayeuliza akishataja majina yake yote na kabila lake likajulikana. Ombeni daftari la vifaa, lenye jina, kifaa, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Au chukueni darasa la wanafunzi 18, tisa wa upande huu na tisa wa ule, muwaache wajipange watatu watatu. Kwa kura tupu, karibu vikundi vitano kati ya sita vingekuwa vya mchanganyiko. Mkipata viwili, mmepata kipimo chenu. Kirudieni mwisho wa muhula. Miezi sita baada ya kuhitimu, ulizeni: ukipata kazi ya watu wawili kesho, utampigia nani simu?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Huko Iraki, Salma Mousa alichunguza timu za soka zilizochanganya Wakristo na Waislamu. Wachezaji waliendelea kufanya mazoezi pamoja miezi baadaye, lakini nje ya uwanja, na watu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa haba. Kwetu mambo huharibika wakati wa kwenda mafunzo ya kazini. Mwanafunzi akiambiwa ajitafutie nafasi, atampata mjomba, na kwa mjomba atakutana na lugha ya nyumbani tu. Chuo kiwe na orodha yake ya karakana, kipeleke wanafunzi wawili wawili kwa kura, mmoja wa kila upande, wakiwa na barua na bima ya ajali. Nauli itengwe mapema, kwani anayetoka Molo hadi mjini kila siku hatamaliza mwezi bila msaada. Na mwenye karakana alipwe elektrodi na mawe ambayo wanagenzi hao wataharibu, la sivyo nafasi hizo atampa mpwa wake.