Sijachoma Nyumba ya Wakwe, Ulikuwa Mto Tu

Kwa kuwa bwana harusi mtarajiwa ameshasambaza habari kwenye magrupu yote, hadi lile la shule ya msingi, kwamba siku ya mahari yake nilichoma nyumba ya wakwe na kupandisha mahari, acha niweke mambo sawa. Hakuna nyumba iliyoungua Tukuyu. Na mahari haikupanda kwa sababu yangu. Kilichopanda ni faini, muulizeni mshenga yeyote tofauti yake.

Mnaojua mila za Wanyakyusa mnajua kikao cha ng'ombe wa mahari hakina haraka. Wazee wako sebuleni, sisi vijana wa kusindikiza tumewekwa chumba cha uani, nje mvua ya Tukuyu inapiga bati kama inadai deni. Baridi, njaa, ndizi zinanukia jikoni lakini haziji. Nikatoa mashine yangu ya vepu, ile sigara ya umeme.

Wadau wa vepu mnanielewa, wengine nivumilieni. Yangu si zile za kuvuta na kutupa. Unajifungia mwenyewe: unasokota waya wa Kanthal, ule unaopata moto kwa umeme, uwe koili, unapitisha pamba katikati, unadondoshea juisi (kimiminika kinachogeuka mvuke), unabonyeza. Pamba ndiyo inayoipelekea koili juisi. Ukiishindilia, juisi haipiti. Ukiweka kiduchu, inakujaa mdomoni. Ya kwangu ilishakuwa nyeusi tangu tunapita Uyole, na pamba yangu ya Kijapani, ile ya vipande bapa isiyong'arishwa kwa dawa, imebaki Mbeya kwenye suruali nyingine.

Tukaanza msako. Vijiti vya kusafishia masikio vilikuwepo, ila pamba yake haitoshi hata kuziba jino. Mwenzetu mmoja akachana bitana ya jaketi lake la mtumba (kwa hiari yake, nisije nikasingiziwa na hilo), tukakichoma kipande kwa kiberiti. Kikayeyuka, kikajikunja, kikawa shanga nyeusi ngumu. Poliesta. Ukiitia hiyo kwenye koili unavuta plastiki. Nikakitupa kwa dharau ya msomi.

Ndipo nikauona mto kitandani. Mshono wa pembeni umeachia, kitu cheupe laini kinachungulia. Nikachomoa kidogo, nikakipima kwa kiberiti: kikaungua puu, hakikuyeyuka, jivu kidogo, harufu ya karatasi. Nikawatangazia wenzangu kwamba hii ni pamba tupu, tena ya kienyeji. Nikachomoa ya koili, halafu nikachomoa konzi nzima ya akiba nikaitia mfuko wa shati.

Watu wa Kyela mlioanza kucheka, tulieni, nafika.

Nikafunga vizuri, nikakata mikia, nikadondosha juisi. Juisi ikasimama juu ya nyuzi. Vitone vya mviringo, vinang'aa, havitaki kuzama. Nikajisemea ni baridi, gliserini iliyomo kwenye juisi inakuwa nzito, itaingia yenyewe. Nikatoka nikajibanza nyuma ya nyumba chini ya upenuo, pembeni ya dirisha moja la luva lenye vioo viwili pungufu.

Dirisha la sebuleni. Sasa mimi ningejuaje?

Ndani kukawa kimya. Nikamsikia mzee wa upande wa binti akijikohoza, anazungumza polepole, neno moja moja: "Sisi kama familia... tumekaa... tukaona... ng'ombe..."

Nami hapo kidole kiko kwenye kitufe.

Nikabonyeza. Nikavuta kwa pumzi zote za mtu aliyenyimwa tangu asubuhi. Mvuke haukuja. Ulikuja mto. Nililamba nywele za watu, mafuta ya nazi na usingizi wa ukoo mzima, vyote vimekaangwa. Koo likafunga. Macho yakajaa maji. Nikaona, tena naona kwa utulivu kabisa, kimwali cha njano kikichungulia kwenye tundu la kuvutia, kama sentimita mbili kutoka puani kwangu. Na kutoka kifuani mwangu, bila idhini yangu, ikatoka sauti moja kubwa:

"KHAAA!"

Ndani: kimya.

Halafu mzee: "Nani huyo amedharau ng'ombe wetu?"

Nilitaka kujibu, wallahi. Lakini kile kimwali kilikuwa kimetema cheche, na cheche imechagua mfuko wa shati. Ile konzi ya akiba ikawaka mara moja. Nikaanza kujipiga kifua kwa viganja vyote viwili, kila kofi na "khaa" yake, na kila kofi linarusha manyoya meupe, na upepo, kwa roho mbaya, unayaingiza yote dirishani. Wanasema yalitua taratibu juu ya kofia ya mzee. Mshenga wetu, mtu niliyemnunulia soda njiani, nilimsikia kwa masikio yangu: "Wazee wangu, huyo hatukuja naye."

Aliyeniokoa ni bibi wa binti. Alitoka jikoni na ndoo, akanimwagia yote. Moto ukazimika. Akachukua nyuzi zilizobaki kwenye shati langu, akazikung'uta, maji yakadondoka, zikabaki kavu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii si sufi ya mto wangu?"

"Shikamoo bibi," nikajibu. Kichwani hakukuwa na kingine.

"Marahaba. Sufi hainywi maji, mjukuu wangu."

Nimekuja kusoma baadaye, nikiwa na dawa ya kuungua kidevuni: uzi wa sufi, ule utokao kwenye tunda la mti wa msufi, ni kimrija chenye hewa tupu ndani na nta kwa nje. Zamani waliijaza kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini, kwa sababu haizami. Na inashika moto upesi mno. Yaani mimi, kati ya nyuzi zote za duniani, nimechagua inayokataa kulowa.

Mengine yalikwenda haraka. Kikao kiliendelea, binti alikubali, ng'ombe walibaki walivyotajwa. Faini ni mbuzi mmoja kwa kosa la kukoholea mahari, mbuzi wangu mimi, si wa bwana harusi. Ndizi nililetewa nje.

Imebaki fidia ya mto. Nimepeleka wa sponji, bibi kaurudisha, kasema shingo yake haijazoea takataka. Kwa hiyo mwenye msufi huko Kyela aje inboksi tuelewane bei, mto mmoja tu. Bwana harusi, wewe usikomenti.