Nini huamua hukumu? Mahakama, serikali na mirathi ya mikorosho kusini

Hukumu inapotolewa Mtwara, Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, maelezo mawili husambaa mitaani kabla hata nakala yake haijachapwa. La kwanza husema kwamba sheria imechukua mkondo wake na hakimu hakuwa na namna. La pili husema kwamba kuna mkubwa aliyepiga simu. Kila moja lina ukweli wake, kwa kuwa sheria kweli humfunga hakimu na wakubwa kweli wana njia za kumgusa, lakini ukiyasikiliza hayo mawili peke yake hutaona mahali ambapo mashauri mengi ya watu wa kawaida huamuliwa.

Tuchukue shauri la aina inayofahamika sana katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mzee wa Kimakonde, Mwislamu, amefariki na kuacha mjane, watoto na shamba la mikorosho. Wapwa zake wanafika mahakama ya mwanzo kupinga mjane asiteuliwe kuwa msimamizi wa mirathi, wakisema kwamba kwa mila ya ukoo unaofuatwa kwa upande wa mama, mali ya mjomba hurudi kwa watoto wa dada zake. Mjane anajibu kwamba marehemu aliishi na kuzikwa Kiislamu, hivyo yeye anastahili thumni, yaani moja ya nane, na watoto wake wachukue mafungu yao. Sheria ya nchi haimwambii hakimu moja kwa moja nani ashinde. Inamtaka aangalie namna marehemu alivyoishi, maneno aliyoyasema au kuyaandika na matendo yake, ili ajue kama alikusudia mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila. Ndipo mambo madogo yanapogeuka kuwa mazito. Je, aliwahi kumrithi mjomba wake mwenyewe kwa mila? Ndoa ilifungwa na nani? Malipo ya korosho kutoka chama cha msingi cha ushirika yaliingia kwa jina la nani, na mikorosho ile aliipanda mwenyewe na mkewe au aliikuta katika ardhi ya ukoo? Mzee mmoja anayekumbuka kikao cha ukoo, na ambaye amepata nauli ya kufika mahakamani, anaweza kugeuza shauri zima.

Wapo wanaosema, na hoja yao ni ya kuheshimiwa, kwamba hapa ndipo penye hatari. Ukimwachia hakimu apime maisha ya mtu, umeziruhusu malezi na hisia zake ziingie katika hukumu. Hakimu aliyekulia katika jamii inayorithishana kwa upande wa baba anaweza kuiona mila ya wapwa kuwa ni dhuluma kwa watoto, na aliyekulia Nachingwea anaweza kuiona kuwa ni kawaida. Jibu la upande wa pili ni kwamba kanuni moja ngumu kwa wote ingewadhulumu watu wengi zaidi, maana marehemu wawili wa kijiji kimoja huenda waliishi maisha tofauti kabisa. Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja: hakimu aandike sababu zake waziwazi, ushahidi upi ameukubali, upi ameukataa na kwa nini. Bila sababu hizo, aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, lakini hana cha kushika mkononi.

Ushawishi wa serikali ni suala jingine, na hapa sioni kwamba pande zote zina uzito sawa. Ibara za 107A na 107B, zilizoingizwa katika Katiba mwaka 2000, zinatamka kwamba Mahakama ndiyo yenye mamlaka ya utoaji haki na kwamba ni huru, ikifungwa na Katiba na sheria za nchi tu. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, na wenyeviti wake ni mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Wanaozitetea husema kwamba mwananchi wa Liwale au Tandahimba aliyeombwa rushwa anahitaji mahali pa karibu pa kulalamika, na kwamba kamati huchunguza tu, wakati uamuzi wa kinidhamu hubaki kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ni kweli, na ukaribu huo una thamani. Lakini sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inawapa viongozi haohao uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Aliyewekwa ndani kwa amri hiyo akifikishwa mahakamani, hakimu atakayemsikiliza anajua kwamba lalamiko lolote dhidi yake huweza kupita mezani kwa kiongozi aliyetoa amri. Si lazima mtu yeyote apige simu.

Kwa majaji wa ngazi za juu mvutano ni wa namna nyingine. Rais huwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume, lakini kuwaondoa ni kazi ngumu inayohitaji uchunguzi wa jopo maalumu lenye majaji ndani yake, na pengine ndiyo maana tumeona hukumu zenye ujasiri. Mwaka 1994, katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu iliruhusu mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, na Bunge likajibu kwa kubadili Katiba ili kumzuia. Mahakama Kuu ilirudia msimamo huo mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ikaona kwamba haki za Mtikila zilivunjwa. Anayetetea uamuzi wa 2010 atauliza kwa haki kabisa: majaji wasiochaguliwa na mtu wafute vipi maneno ya Katiba yenyewe? Swali hilo lina uzito. Ila muswada wa kubadili Katiba ulipelekwa bungeni wakati shauri la kwanza likiwa bado mahakamani, na kulirudishia Bunge hilohilo suala hilo ni kumwachia mlalamikiwa ajiamulie.

Tena, hukumu haijitekelezi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kuvirekebisha, na mwaka huo ulipita bila marekebisho. Katika mikoa ambayo msimu wa korosho huleta fedha na posa kwa pamoja, kuchelewa huko kuna majina na sura za wasichana.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kwenye kamati. Kamati za maadili zibaki wilayani, karibu na mlalamikaji, lakini ziongozwe na hakimu au jaji mstaafu, na mkuu wa wilaya awe na haki ya kuwasilisha malalamiko kama mwananchi mwingine yeyote. Na kwa kuwa tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mjane na wapwa wa marehemu wapewe hukumu yenye sababu kamili, kwa lugha wanayoisoma, kabla siku za rufaa hazijaisha.