Daktari wa usingizi wa moyo: kofia tatu, kichwa kimoja

Katika hospitali kubwa za kufundishia, daktari bingwa mbobezi wa usingizi kwa upasuaji wa moyo huajiriwa kwa kazi tatu: atoe huduma kwa wagonjwa, afundishe na afanye utafiti. Mkataba hausemi ipi itangulie muda ukibana. Siku nyingi jibu hutolewa na mgonjwa, maana aliyefunguliwa kifua hasubiri. Zile mbili nyingine hufanywa usiku, au mwisho wa wiki, au hazifanywi kabisa. Ndiyo maana hoja ya kuzigawa kofia hizi haiishi: wa chumba cha upasuaji abaki huko, na utafiti waachiwe watafiti. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshikishwa tatu.

Hoja hiyo ina uzito kuliko wakuu wa vyuo wanavyopenda kukiri. Hata hivyo, naona dawa inayopendekezwa ni kali kuliko ugonjwa, na sababu zimo ndani ya kazi yenyewe.

Wengi hudhani daktari wa usingizi humchoma mgonjwa sindano, akishalala, basi, anakaa pembeni kusubiri. Kwenye moyo, dakika za mwanzo tu zinaweza kuua. Chukua mgonjwa ambaye vali yake ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, imebana. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa, shinikizo la damu linashuka, misuli minene ya moyo inakosa damu yake yenyewe, na moyo ukisimama katika hali hiyo, kukandamiza kifua hakusaidii sana. Akivuka hapo, damu huzuiwa isigande kwa heparini, kwa kawaida uniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya uzito, na lazima ipimwe kuthibitisha hivyo kabla mashine ya moyo na mapafu haijapokea kazi. Mpasuaji akimaliza, kibarua kingine kinaanza: kumwondoa mgonjwa kwenye mashine, kuchagua dawa ya kuusaidia moyo uliochoka, na kurudisha uwezo wa damu kuganda kwa protamini, ambayo nayo inaweza kuporomosha shinikizo ghafla au kukaza mishipa ya mapafu.

Muda wote huo kuna kipimo cha ultrasaundi kilichopitishwa mdomoni hadi kwenye umio, kikiutazama moyo kwa nyuma, na mara nyingi anayekisoma ni daktari wa usingizi. Akiona vali iliyotengenezwa bado inavuja, yeye ndiye wa kusema, na mpasuaji aamue kama mgonjwa arudishwe kwenye mashine. Si neno jepesi kumwambia mtu aliyekwisha kuwaza kushona kifua.

Kufika kwenye kiti hicho kunakula miaka. Nchini Marekani, baada ya shule ya udaktari kuna miaka 4 ya ubingwa na mmoja wa ubobezi. Anayetaka kujifunza utafiti kwa dhati huongeza mingine juu ya hiyo. Ana familia na madeni kama watu wengine, na hospitali isiyofundisha wala kutafiti iko tayari kumlipa vizuri zaidi kwa kazi moja tu kati ya hizo tatu.

Sasa, wanaotetea kofia tatu wana historia upande wao. Mwaka 1969 Edward Lowenstein na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha kazi kuhusu dozi kubwa za mofini, dawa kali ya maumivu. Walikuwa wameona kwamba wagonjwa wa vali, waliopewa mofini nyingi baada ya upasuaji ili waivumilie mashine ya kupumulia, hawakuporomoka shinikizo kama ilivyohofiwa. Wakajiuliza: ikiwa moyo mgonjwa unaivumilia baada ya upasuaji, kwa nini isitumike kuwa dawa yenyewe ya usingizi? Wakaijaribu kwa takriban miligramu 1 kwa kila kilo, karibu mara 10 ya dozi ya kawaida ya maumivu. Swali hilo lilizaliwa kando ya kitanda, kwa mtu aliyekuwa akipita kuwaangalia wagonjwa wake.

Mofini ilikuwa na kasoro. Wapo waliobaki na fahamu katikati ya upasuaji, na wengi walikaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia. Mwaka 1978 Theodore Stanley wa Chuo Kikuu cha Utah na mwenzake wakachapisha kazi iliyoonyesha kwamba fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu, ingeweza kushika nafasi yake, na kufikia miaka ya 1990 dozi zikaanza kupunguzwa tena ili bomba la kupumulia litolewe ndani ya saa chache. Fani ilijisahihisha mara mbili, na waliofanya hivyo ni watu waliokuwa wakiziona kasoro hizo kwa wagonjwa waliowalaza asubuhi.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa 1985. Stephen Slogoff na Arthur Keats wa Texas Heart Institute, Houston, waliwafuatilia wagonjwa 1,023 waliopandikiziwa mishipa ya moyo, wakitafuta kama moyo kukosa damu kabla na wakati wa upasuaji kunaleta shambulio la moyo baadaye. Walioonyesha dalili hizo walipata shambulio kwa asilimia 6.9, wasioonyesha kwa asilimia 2.5. Kilichobaki vinywani mwa watu wa fani, lakini, ni kitu kingine. Madaktari wa usingizi waliohusika walipewa namba badala ya majina, na ikaonekana kwamba wagonjwa wa “daktari namba 7” mioyo yao ilienda mbio zaidi, ilikosa damu zaidi na ilipata mashambulio zaidi. Idara ilijipima, ikagundua kwamba mmoja wao ni hatari kuliko wenzake, ikaiandika ulimwengu usome. Mtafiti wa nje asiyejua kinachofanyika wakati wa kumlaza mgonjwa asingejua hata mahali pa kuchungulia. Na mtoa huduma asiye na mazoea ya utafiti angeishia kunong’ona na wenzake kwenye chumba cha chai.

Upande wa pili una jibu, nalo ni zito: Houston ya 1985 imekwisha. Upasuaji wa moyo umekuwa salama mno kiasi kwamba tofauti kati ya dawa na dawa, kama ipo, ni ndogo, na kuiona kunahitaji maelfu ya wagonjwa. Kwa miaka mingi maabara zilionyesha kuwa gesi za usingizi huikinga misuli ya moyo wa wanyama inaponyimwa damu. Majaribio madogo kwa binadamu yakatia moyo. Hatimaye timu iliyoongozwa na Giovanni Landoni wa Milano ikakusanya wagonjwa 5,400 katika hospitali 36 za nchi 13, nusu wakapewa gesi na nusu dawa za mshipa pekee. Matokeo yalitoka 2019: baada ya mwaka mmoja walikuwa wamefariki asilimia 2.8 wa gesi na asilimia 3.0 wa mshipa. Hakuna tofauti ya kuzungumzia. Kazi ya namna hiyo inataka watakwimu, wanasheria, wasimamizi wa takwimu na fedha nyingi. Haifanyiki katika nafasi iliyopo kati ya mgonjwa wa kwanza na wa pili.

Kuna jambo baya zaidi, na hapa wakosoaji ndipo wanaponishika. Cheo cha chuo kikuu kimezoea kuhesabu makala. Mtu mwenye saa chache na makala nyingi za kudaiwa huandika vitu vidogo vidogo visivyomsaidia yeyote, na wachache huvuka mstari. Joachim Boldt alikuwa daktari wa usingizi huko Ludwigshafen, Ujerumani, na mmoja wa waandishi wenye makala nyingi zaidi kuhusu majimaji ya mshipani katika upasuaji wa moyo. Mwaka 2009 alichapisha utafiti kuhusu majimaji ya kujazia mashine ya moyo na mapafu. Wasomaji wakaona namba zimenyooka mno kuliko damu ya wagonjwa halisi inavyoruhusu. Makala iliondolewa mwaka uliofuata, na 2011 majarida yakatangaza kuondoa nyingine, karibu 90 kwa jumla, kwa kukosa kibali cha maadili. Haikuishia kwenye aibu. Mwaka 2013 watafiti walikusanya upya majaribio ya majimaji yenye wanga kwa wagonjwa mahututi. Walipoziweka kando kazi za Boldt, majimaji hayo yalihusishwa na vifo zaidi na figo kuharibika. Kuna wagonjwa waliotundikiwa chupa hizo na madaktari waliokuwa wanafuata “ushahidi”.

Je, hilo linathibitisha kwamba kofia zigawanywe? Sioni hivyo. Linathibitisha kwamba kipimo ni kibovu. Landoni ni daktari wa usingizi. David Mazer wa Toronto naye ni daktari wa usingizi, na aliongoza jaribio la 2017, lenye zaidi ya wagonjwa 4,800 wa upasuaji wa moyo, lililoonyesha kwamba kusubiri hadi himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, ishuke chini ya gramu 7.5 kwa desilita kabla ya kuongeza damu hakukuleta matokeo mabaya kuliko kuongeza mapema. Hilo ni swali ambalo anayetundika damu hujiuliza kila wiki, tena akiwa peke yake, mpasuaji akimwambia aharakishe. Majaribio makubwa yaliwahitaji watakwimu, ni kweli. Lakini swali la kuuliza lilitoka kwa watu wa chumba cha upasuaji, na bila wao tungepata majibu safi ya maswali yasiyomhusu mgonjwa.

Kofia ya tatu, ya ualimu, husahaulika katika mabishano haya, labda kwa sababu haina takwimu za kujigambia. Mfano mmoja watosha. Vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo, imetengenezwa, mgonjwa ametoka kwenye mashine, shinikizo linaanguka. Daktari anayesomea ubobezi ananyoosha mkono kuchukua adrenalini, na kwa mioyo mingi angekuwa sahihi. Mwalimu anamzuia, anamwelekeza kwenye picha: kipande cha vali kinavutwa mbele kila moyo unapojikaza, kinaziba njia ya damu kutoka. Adrenalini ingeibana njia hiyo zaidi. Kinachotakiwa ni majimaji, dawa ya kukaza mishipa na moyo upunguzwe kasi. Kitabu kinayasema hayo yote, na mwanafunzi ameyasoma. Tofauti ni kuyaona shinikizo likishuka kweli, akiwa na mtu pembeni anayeweza kusubiri sekunde chache zaidi kuliko anavyotamani. Mwalimu huyo hawezi kuwa mtu wa maabara tu, maana utulivu ule unatokana na kuwa mezani mara kwa mara. Na kwenye fomu ya kupandishwa cheo, somo hilo halina mstari wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kofia tatu zibaki katika idara moja, lakini tuache kudai kila kichwa kizivae zote kwa usawa. Awepo anayefundisha na kuhudumia, na cheo chake kipande kwa hilo bila makala za kulazimisha. Awepo anayetafiti siku tatu kwa wiki, naye asiruhusiwe kuacha meza kabisa. Na hesabu ya makala ibadilike. Ilivyo sasa, daktari aliyeingiza wagonjwa 300 katika jaribio kubwa, jina lake likatokea katikati ya orodha ndefu, anaweza kupata alama chache kuliko mwenzake aliyeandika peke yake makala tano za wagonjwa 30 kila moja. Tunamwadhibu aliyefanya utafiti wenye maana, kisha tunashangaa majarida yamejaa takataka.

Pingamizi la kweli dhidi ya mpango huu halihusu falsafa, linahusu ratiba. Siku tatu za mtafiti nje ya chumba cha upasuaji hubebwa na wenzake: zamu zao za usiku zinaongezeka, na ndio wanaoitwa alfajiri aota ya mtu inapochanika. Idara nyingi huziita siku hizo “muda uliolindwa” bila kutaja nani anaulinda. Hospitali inayotaka utafiti lazima iajiri daktari wa ziada wa kuziba pengo hilo, na mshahara wake uandikwe kwenye bajeti ya utafiti, siyo ya huduma. Isipofanya hivyo, wanaobeba zamu wataanza kumwona mtafiti kama mtoro, na siku akihitaji wagonjwa wao waingizwe kwenye jaribio lake, hakuna atakayekumbuka kumpigia simu.