Kima punju ashibe, mkulima je?

Unguja haina mlima, na msitu wake mkubwa, Jozani, umelala bondeni. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana. Masika yakikolea, mitondoo na michikichi husimama ndani ya maji. Ukitoka hapo kidogo tu unaingia maweni, na huko mkulima hutafuta kiganja cha udongo baina ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo kila mche una thamani, na hapo ndipo ugomvi wa mkulima na kima punju, yule kima mwekundu wa msituni, ulipoanzia.

Punju ni sumu. Wazee walimwita hivyo wakiamini mti anaoula hunyauka. Leo ndiye anayewaleta wageni Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani, hakuna kwengine duniani. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilimpata zaidi ya 5,800, lakini bado yumo hatarini kutoweka. Hata kesi ya minazi alishinda: miaka ya 1990 watafiti walifuatilia minazi aliyokuwa akila vidaka vyake, yaani nazi changa, wakakuta mavuno hayakupungua.

Lakini kidaka ni kimoja, na shamba lina mazao mengi. Karibu na kijiji cha Pete, jirani na Jozani, nilimtazama jike mwenye mtoto kifuani. Alichuma embe changa, akaliuma mara mbili, akaliachia, akachuma jengine. Kisha akashuka penye tanuri la zamani, akaokota kipande cha mkaa akakitafuna. Mkaa humpunguzia sumu ya majani ya miembe na mikungu. Chini ya mwembe nilihesabu maembe kumi na moja.

Sehemu ya fedha za wageni hurudi vijijini, na visima na madarasa yaliyojengwa nayo ni ya kushukuriwa. Mimi naona hayatoshi, kwa sababu kisima ni cha kijiji kizima na hasara ni ya mtu mmoja. Fidia ya mazao ingetangulia, ikapimwa shambani siku ileile, mwenye shamba akiwepo. Na vijiji vya Charawe na Ukongoroni, vilivyo upande wa pili wa msitu, mbali na lango la wageni, vihesabiwe kwa mazao yaliyoliwa huko, si kwa idadi ya magari yanayofika.