Tottenham walipata uwanja, ubishi wa ardhi ukabaki mtaani

Mwulize shabiki wa Spurs, yaani Tottenham Hotspur, kuhusu uwanja wao, ataanza na Jukwaa la Kusini: watu 17,500 kwenye mteremko mmoja usiokatwa. Kisha atakupeleka kwenye nyasi. Zimegawanywa vipande vitatu, kila kimoja kina uzito wa zaidi ya tani 3,000, na huteleza chini ya jukwaa kupisha zulia bandia la mpira wa Kimarekani. Mkazi wa Love Lane, ng'ambo ya barabara, hana habari na nyasi. Yeye ataanza na fidia ya ardhi. Wote wawili wanazungumzia kipande kilekile cha London kaskazini, na tangu lango lifunguliwe Aprili 3, 2019 kwa mechi ya Crystal Palace, hawajawahi kuelewana.

Hoja ya mashabiki ina hesabu nyuma yake. White Hart Lane ya zamani ilibeba watu elfu 36 na ushei. Arsenal walihamia Emirates mwaka 2006, uwanja wa watu elfu 60. Pengo la viti elfu 24 ukilizidisha kwa mechi 19 za ligi za nyumbani, unapata tiketi 456,000 kila msimu ambazo jirani anauza na wewe huna. Hapo hujagusa vyumba vya wageni maalumu, chakula, wala tamasha za muziki. Beyoncé peke yake alijaza uwanja mpya usiku tano mwaka 2023, akarudi kwa sita mwaka 2025. Anayesema klabu ingeweza kubaki na uwanja wa zamani na bado ikashindana na wakubwa, atuonyeshe fedha zingetoka wapi.

Ila mashabiki hawakudai uwanja mkubwa popote pale, na hili watu wa nje hulisahau. Klabu ilipoomba uwanja wa Olimpiki kule Stratford, sehemu kubwa ya mashabiki waliandamana chini ya kaulimbiu ya "We Are N17", yaani sisi ni wa mtaa huu, wakitaja msimbo wa posta wa Tottenham. Februari 2011 uwanja ule wakapendekezewa West Ham, Spurs wakabaki kwao. Agosti mwaka huohuo Tottenham ikawaka moto kwa ghasia zilizosambaa hadi miji mingine ya Uingereza. Halmashauri ya Haringey, inayosimamia Tottenham, ikajikuta na mtaa uliochomwa, wawekezaji wanaokimbia, na mwajiri mmoja mkubwa ambaye tayari alishaonyesha kwamba kuhama anaweza.

Kwa maoni yangu, mzani uliinama hapo, kabla hata tofali moja la uwanja halijawekwa. Mwaka 2012 masharti ya kibali cha ujenzi wa uwanja yalilegezwa. Nyumba 285 zilizopangwa kando ya uwanja ziliondolewa sharti la kuwa na za bei nafuu, na mchango wa klabu kwa miundombinu ya eneo ukashuka kutoka takriban pauni milioni 16 hadi chini ya nusu milioni. Sababu iliyotolewa ni kwamba mradi usingejilipa.

Upande wa utetezi usibezwe. Mkopeshaji haangalii mapenzi ya mashabiki, anaangalia karatasi, na karatasi za 2012 zilionyesha mtaa wenye bei ndogo za nyumba. Tatizo ni kipimo chenyewe. Tathmini ya kama mradi utajilipa hutumia bei za siku ile, ilhali mradi wenyewe ndio unaokuja kupandisha bei. Dawa inajulikana kwa maofisa wa mipangomiji: weka kifungu cha kukokotoa upya kila awamu, ili faida ikizidi kiwango fulani sehemu irudi kwa umma. Halmashauri ikikaa mezani na hofu ya kuachwa, vifungu vya aina hii ndivyo huwa vya kwanza kufutwa.

Watu wengi wanaikumbuka zaidi karakana. Kwenye Paxton Road, upande wa kaskazini wa uwanja wa zamani, kulikuwa na kampuni ya familia ya kukata na kukunja mabati, Archway Sheet Metal Works. Klabu ilikwishanunua karibu eneo lote lililobaki. Supamaketi ya awamu ya kwanza ilikuwa imeshafunguliwa, na karakana bado imesimama pale pale ramani ilipoutaka uwanja. Halmashauri ikatumia mamlaka ya kutwaa ardhi. Nchini Uingereza utaratibu huo una hatua: halmashauri hupitisha azimio, hutoa amri na taarifa kwa wahusika, wenye pingamizi husikilizwa na mkaguzi huru, kisha waziri huthibitisha au hukataa. Akithibitisha, una wiki sita tu za kwenda Mahakama Kuu, na huko hubishii busara ya uamuzi, unabishia uhalali wake. Eric Pickles, waziri aliyehusika wakati huo, alithibitisha Julai 2014. Novemba karakana ikaungua. Februari 2015 Mahakama Kuu ikatupa pingamizi, na mwezi uliofuata pande mbili zikafikia makubaliano.

"Familia moja isizuie watu elfu sitini," walisema wengi wakati ule. Hoja nzuri, mpaka uangalie karakana ya mabati inahama vipi. Mashine ya kukatia na ya kukunjia zinataka sakafu nene ya zege, umeme wa njia tatu, mlango wa lori, na jirani asiyelalamikia kelele. Maeneo ya namna hiyo London yanageuzwa kuwa maghorofa kila mwaka. Ukipata fidia kamili ya jengo lakini ukahamia maili kumi nje, mafundi hawakufuati na wateja wanatafuta mwingine. Sheria inalipa usumbufu, ndiyo, lakini kila shilingi lazima uithibitishe kwa hesabu zako mwenyewe, na mpangaji mwenye mkataba mfupi hulipwa kidogo kuliko mwenye ardhi. Wengi huangukia hapo, kwa sababu mkataba ulikuwa wa mdomo au vitabu vya hesabu haviko sawa.

Kuna kanuni nyingine inayouma zaidi: fidia hukokotolewa kana kwamba mradi haupo. Tuchukue mfano wa kubuni. Umenunua fleti ya halmashauri, na thamani yake sokoni bila mradi ni pauni 200,000. Utalipwa hizo, utaongezewa asilimia 10 ya kupoteza makazi, yaani 20,000, na gharama za kuhama na wakili. Fleti mpya itakayosimama palepale ikiuzwa 400,000, huwezi kuinunua. Kisheria hakuna aliyekudhulumu hata senti, na mtaani kwenu hurudi.

Ndiyo maana kura ya Love Lane mwaka 2021 haikuwa kura ya mpira. Ni mtaa wenye nyumba zipatazo 297, na wakazi wake waliulizwa kama ubomolewe kupisha mradi wa halmashauri wa High Road West, wenye nyumba zaidi ya 2,500, zikiwemo 500 za halmashauri. Asilimia 55.7 walisema ndiyo. Nimeona watetezi wakiitaja kama ushindi wa kishindo na wapinzani wakiiita hila. Yote mawili ni kutia chumvi. Kwa mpangaji anayeishi na unyevu ukutani, ahadi ya nyumba mpya ya halmashauri kwa kodi anayoimudu ni jambo la maana. Kwa aliyenunua fleti yake, hesabu ni ile niliyoitoa hapo juu.

Kisha likaja jambo ambalo hata kwenye vijiwe vya Spurs lilizua kicheko. Mradi huo ulipopata kibali mwaka 2022, aliyekimbilia mahakamani kuupinga alikuwa klabu yenyewe, ambayo nayo ilikuwa na viwanja ndani ya eneo lile. Hoja mojawapo ilikuwa usalama wa umati. Ni hoja ya kweli: watu zaidi ya elfu 62 wakitoka kwa pamoja, wengi wanaelekea stesheni ya White Hart Lane, na njia inakatiza ardhi inayotakiwa kujengwa. Uzio wa ujenzi ukibana njia kwa mita chache tu, foleni inarudi barabarani na polisi wanalazimika kuwazuia watu ndani ya uwanja. Mahakama Kuu iliitupa kesi mwaka 2023. Shabiki aliyeshangilia amri ya kutwaa ardhi ya 2014 alijikuta anaeleza kwa nini mipango ya halmashauri ileile sasa ni hatari.

Mwaka 2024 Lendlease, kampuni ya Australia iliyochaguliwa na Haringey kuwa mbia wa mradi, ikatangaza kujiondoa kwenye shughuli za ujenzi nje ya nchi yake. Wakazi waliopiga kura ya ndiyo waliipigia ahadi yenye jina la kampuni hiyo.