Futari sawa, na deni la mvuvi je?
Nimesoma hii habari ya mashirika kugawa unga na tende hapa Amu (mji wa Lamu) mwezi huu wa Ramadhani, Mungu awalipe, ila hizo picha za wamama wakipokea unga jamani wacheni. Mvuvi wa hapa shida yake si futari, ni deni la mashine na nyavu kwa tajiri, samaki wote anampelekea huyo tajiri kwa bei anayotaka tajiri. Zaka ya pesa si ni asilimia 2.5 na wenye madeni wamo kwenye yale mafungu manane ya wanaostahiki kupewa? Basi walipiwe. Na wale Save Lamu, muungano wa vikundi vya wananchi wa hapa, waliopinga mtambo wa makaa ya mawe mpaka leseni ikafutwa 2019, mimi hiyo naihesabu sadaka kubwa. Mwenye kuwajua maimamu awafikishie haya kabla mwezi haujaandama.