Kandarasi Mpya, Sanda ya Kocha

Usiku wa fainali ya Bilbao, Mei 21, 2025, Manchester United yetu dhidi ya Tottenham, kibanda chetu cha mpira hapa Langoni, Lamu, kilijaa hadi watu wakakalia madebe ya maji. Kiingilio kilipandishwa kutoka bob thelathini hadi hamsini na hakuna aliyeteta. Mechi ilianza saa nne usiku. Dakika ya 42 Brennan Johnson akafunga bao la kubabatiza, mpira ukimgonga Shaw wetu njiani, na basi. Tottenham wakawa mabingwa wa Ligi ya Europa, sisi tukawa watu wa kutafuta viatu gizani mlangoni bila kutazamana usoni.

Tangu siku ile sijaandika neno. Naandika haya Julai 2025, kusi limekaza, vyombo vingi vimepandishwa pwani, na hasira zimepoa kiasi cha kuweza kuandika bila matusi.

Pale Mkunguni, mbele ya ngome, baraza zima lamlaumu kocha wetu wa msimu huo, Ruben Amorim. Nafasi ya 15 kwenye Ligi Kuu, pointi 42, msimu mbaya kuliko wote tangu ligi ianze kuitwa Premier League. Sawa, alaumiwe. Mabeki watatu nyuma na mabeki wa pembeni wa kupanda na kushuka, ilhali hao wa pembeni hakuwa nao! Lakini mimi siwezi kuanza na yeye. Naanza na kalamu. Klabu yangu ina ugonjwa mmoja ambao hauzungumzwi sana: kila kocha akipata kajifuraha kadogo, anaandikiwa kandarasi mpya, na wino haujakauka anapigwa kalamu.

Hesabuni nami. José Mourinho aliongezewa kandarasi Januari 2018. Desemba hiyo hiyo akafutwa. Ole Gunnar Solskjær akaongezewa Julai 2021. Novemba, baada ya kula nne kwa moja kule Watford, kwaheri. Erik ten Hag akaongezewa Julai 2024 hadi 2026. Oktoba 28, 2024, hayupo. Mtu mmoja akikosea hivi mara moja utasema bahati mbaya. Mara tatu, na kila mara kitita cha fidia kinamsindikiza kocha mlangoni, hiyo si bahati tena. Mimi siku hizi nikisikia kocha wetu ameongezewa mkataba naona kama ameshonewa sanda.

La Ten Hag ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa wazi hata kwa watoto wa madrasa. Msimu wa 2023-24 tulimaliza wa nane. Wa nane! Halafu tukawafunga Manchester City mbili kwa moja kwenye fainali ya Kombe la FA, na nakiri mimi mwenyewe nilishuka gatini usiku ule nikipiga makelele na jezi kichwani. Kombe lile likawapofusha wakubwa. Walikuwa tayari wameongea na kocha mwingine, Thomas Tuchel, na Ten Hag mwenyewe alikuja kusimulia kwamba walimfuata likizoni Ibiza kumwambia wameamua kubaki naye. Hebu fikiria. Mume anamwambia mkewe, nilikwenda kuposa kwingine lakini nimeona nirudi kwako, shika hii pete nyingine. Nyumba hiyo itakaa?

Wakamnunulia wachezaji wa takriban pauni milioni 200: Zirkzee, De Ligt, Mazraoui, Yoro, Ugarte. Wachezaji wa mfumo wake, wawili kati yao aliwahi kuwafundisha Ajax. Mechi tisa za ligi baadaye, timu ikiwa ya 14, wakamfuta. Kwa hesabu za klabu yenyewe, kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu. Na Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri miezi kadhaa atoke Newcastle, akakaa miezi mitano tu na kuondoka na gharama ya milioni 4.1. Na mahali pa Ten Hag akaletwa Amorim, mtu wa 3-4-3, ule mfumo wa mabeki watatu, tangu zamani, akabidhiwe kikosi kilichonunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ni kama kumwita fundi wa majahazi ukampa mbao zilizokatwa za kujengea kitanda.

Sasa watazameni Tottenham. Walimaliza wa 17, nyuma yetu sisi! Wakatufunga, wakabeba kombe lao la kwanza tangu 2008, mashabiki wao wakalia barabarani. Siku 16 baadaye kocha wao, Ange Postecoglou, akafutwa kazi. Kibandani watu walisema ni ukatili, ni utovu wa shukrani. Mimi pia nilisema hivyo siku mbili tatu. Halafu nikafikiri: hawa wamefanya lile ambalo sisi tulishindwa kulifanya baada ya lile Kombe la FA la 2024. Wametazama kombe kwa jicho moja na jedwali kwa jicho la pili. Kama wamekosea, watajua wenyewe msimu ujao. Lakini hawakumpa mtu pete ya pili huku wakipanga talaka.

Kuna ami yangu, nahodha mstaafu, hatazami mpira ila akikosa usingizi. Juma lililopita nilimkuta Matondoni amekaa chini ya kivuli cha mashua iliyolazwa ubavu, akimsimamia kijana anayetia kalafati. Kijana anachovya pamba kwenye mafuta, anaisokota, anaisukuma ndani ya mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo, tik tik tik, kisha anapitisha kidole kuhakikisha. Nikaanza kumlalamikia ami habari za Amorim, maana hasira haichagui msikilizaji. Alinisikiliza hadi nikachoka. Akasema, "Mwanangu, chombo chavuya nawe wamtukana nahodha."

Alikuwa hajui kwamba Old Trafford yavuja kweli! Mei 2024, tulipofungwa na Arsenal bao moja, mvua ilinyesha na maji yakamwagika kutoka kwenye paa hadi vitini kama maporomoko. Nilimwonyesha video kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza swali ambalo wachambuzi wa televisheni huchukua saa nzima kulifikia: "Mwenye chombo ni nani?"

Nikamweleza. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani waliinunua klabu kwa pauni milioni 790 hivi, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na deni wakalitwika klabu ambayo haikuwa na deni. Mtu anunua mashua kwa mkopo, kisha mkopo ulipwe kwa samaki wa mabaharia. Kila mwaka riba, na miaka mingi gawio juu yake, na paa ni lile lile. Februari 2024 akaingia tajiri Mwingereza, Jim Ratcliffe, na kampuni yake ya INEOS, akachukua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa mambo ya uwanjani, wale wa zamani wakabaki na sehemu kubwa. Nikamalizia kwa methali, nikidhani nitamfurahisha, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

"La," akasema. "Hapo nahodha ni mmoya. Walo wengi ni wenye chombo."

Sina la kuongeza hapo, ila nitaongeza la kwangu mwenyewe, maana haya ya wenye chombo niliyaonja kabla sijajua Glazer ni nani.

Miaka nilipokuwa beki wa kushoto pale Twaif, timu yetu ilipata mfadhili. Simtaji. Alituletea jezi, mipira sita, na ahadi ya kutulipia boti ya kwenda Faza kucheza. Kocha wetu alikuwa mvuvi, hakuwahi kulipwa hata senti, malipo yake yalikuwa chai na mahamri baada ya mazoezi. Tukashinda mechi mbili mfululizo. Mfadhili akasimama mbele ya watu, akamshika kocha mkono, akatangaza kwamba huyu atakaa na sisi miaka mitatu. Watu wakapiga makofi. Mechi ya tatu akataka mtoto wa dada yake aanze mbele. Kocha akakataa, tukafungwa tatu, na usiku kocha akapata ujumbe wa simu wa maneno manne. Miaka mitatu ilidumu siku tisa.

Tulipogoma kucheza chini ya kocha mpya, mfadhili alikuja na gunia nyumba kwa nyumba kukusanya jezi zake. Yangu, namba 3, ilikuwa kwenye kamba, mbichi bado. Akaitia guniani hivyo hivyo, maji yakimchuruzikia kanzuni. Mama akamwambia, "Baba, si ungengoja ikauke." Hakujibu. Timu ilikufa hapo.

Kwa hiyo nikisikia shabiki mwenzangu akisema tatizo ni mfumo wa mabeki watatu, naikumbuka ile jezi.

Mikataba ya wachezaji nayo ni ugonjwa ule ule, dalili tofauti tu. Mshambuliaji wetu Rashford alifunga mabao 30 msimu wa 2022-23. Julai 2023 akapewa miaka mitano, hadi 2028. Msimu uliofuata akafunga manane. Februari 2025 akapelekwa kwa mkopo Aston Villa, na sasa jezi yake namba 10 amepewa Matheus Cunha, aliyenunuliwa kutoka Wolves kwa pauni milioni 62.5. Casemiro naye alikuja akiwa na miaka 30 akapewa minne. Simlaumu mchezaji hata mmoja kati yao, ukiletewa karatasi kama ile mezani hata mimi nitasaini kwa mikono miwili. Namlaumu aliyeileta karatasi siku ya sherehe. Klabu inalipia jana badala ya kesho. Mtu akishang'ara ndipo wanamkimbilia na kalamu.

Ili kulipia makosa haya wamepunguza wafanyakazi, 250 mwaka 2024 na wengine mwaka huu, wamefuta chakula cha mchana cha bure, na hata posho ya ubalozi ya kocha wetu wa zamani, Sir Alex Ferguson, wameikata. Hiyo ya chakula inaniudhi kuliko ya Ferguson. Ferguson hatalala njaa. Yule mama wa ofisi ya tiketi hakumwongezea Ten Hag mkataba.

Kuna wanaosema tunahitaji subira, na wanataja tena Ferguson, aliyekuja 1986 na kungoja hadi 1990 kupata kombe la kwanza. Hadithi hiyo imechoka, jamani. David Moyes alipewa miaka sita mwaka 2013 na akafutwa baada ya miezi kumi. Urefu wa kandarasi haukumsaidia chochote. Subira inataka kwanza ujue unamsubiri nani na kwa nini, tena uyajue hayo siku ya kumwajiri, timu haijashinda wala kushindwa.

Hapa inabidi nimeze shubiri. Jirani yangu ni shabiki wa Arsenal, na kila magharibi hupita mbele ya baraza letu na kofia ile nyekundu. Walimwajiri kocha Arteta Desemba 2019. Wakamaliza wa nane. Msimu wa pili, wa nane tena. Agosti 2021 wakafungwa mechi tatu za mwanzo, ile ya tatu mabao matano na City, na sisi hapa tukachinja kuku kwa raha. Hawakumfuta. Wakati huo huo waliwaondoa nyota waliokuwa wamepewa mikataba minono: Özil kwanza, kisha Aubameyang, aliyeongezewa miaka mitatu Septemba 2020 na kuachwa aende Barcelona bure Februari 2022. Wakamaliza wa pili misimu mitatu mfululizo, hadi 2025. Wa pili, ndiyo, namkumbusha jirani kila siku kwamba wa pili hapewi kombe. Lakini ukimuuliza mwenye timu yao anataka kocha wa aina gani, jibu la 2019 na la 2025 ni moja. Ukiuliza kwetu, itategemea umeuliza siku gani.

Nimeandika haya yote na bado najua nitakaa kiti cha mbele. Tarehe 17 Agosti tunafungua msimu Old Trafford, na wageni ni hao hao Arsenal. Saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu, magharibi hasa. Mwenye kibanda ameshasema atafungua baada ya swala, kwa hiyo robo saa ya kwanza hakuna atakayeiona. Jirani amesema kama tutakuwa tumeshafungwa tutakapoingia, kiingilio changu atakilipa yeye.